Gunia la Mchanga kwenye Kiti cha Nyuma

2 Februari

Kupe,

Salamu utazikuta mwishoni, nikizikumbuka. Nina jambo linaniwasha, na nisipoliandika sasa hivi mama yako atanifukuza hapa kwake, maana anasema nimeizunguka meza yake ya chakula mpaka sakafu imeomba poo.

Kampuni ya picha imekubali. Baada ya misimu miwili ya kulia, na baada ya ile siku pikipiki ilipotuzimikia mbele ya vinara wa mbio na waendesha baiskeli wote wakatupita wakitupungia mkono, hatimaye wananunua mpya. Na wameniachia mimi nichague. Ila kuna mtihani. Pikipiki ni ileile, injini ileile, lakini inatoka kwa namna mbili. Kuna ya kawaida: imekaa chini, nyepesi kidogo, tangi la kadiri, imetulia kwenye lami. Na kuna hii wanayoiita ya safari: imeinuka, springi ndefu, tangi kama la lori, vyuma vya kukinga ubavu huku na huku. Mwisho wa Machi wanataka jibu. Mei mbio zinaanza.

Moyo wangu uko kwenye ya safari, sikufichi. Kwa tangi lile tutalifuata kundi kutoka mwanzo wa mbio mpaka mwisho bila kutafuta mafuta. Lakini nimeona nikuulize. Usivimbe kichwa, sikuulizi kwa heshima. Wewe ndiye mzigo, na mtu aliyekaa mgongoni kwangu na kamera begani miaka sita ana haki ya kusema neno, japo moja.

Na ujenzi wa hilo bwawa utakwisha lini? Uliaga kwa miezi michache. Simu haishiki, lori la mahitaji linapanda huko mara moja kwa wiki, mtu anaandika barua kama yuko jela. Rudi.

Salamu ndizo hizi: mama yako mzima, mimi mzima, pikipiki ya zamani marehemu.

Mjomba wako


10 Februari

Shikamoo Mjomba,

Chukua ya kawaida.

Ulitaka neno moja, nimekupa mawili. Sababu nazo ni hizi. Wewe si mrefu, Mjomba. Mama mwenyewe husema siku ya kugawa miguu ukoo wenu mlichelewa foleni. Hiyo ya safari ukisimama utagusa chini kwa ncha za vidole, na nyuma yako nipo mimi, ipo kamera, zipo betri. Umesahau tulivyolala ubavu pale kwenye mzunguko wa kuingilia mjini? Wewe umeng'ang'ania usukani unasema "hatuanguki, hatuanguki" mpaka tukafika chini. Na ile ilikuwa pikipiki fupi.

Halafu ya kawaida ni nyepesi. Ukikosea kidogo unaweza kuirudisha. Kubwa ikishaamua kwenda, inakwenda na wewe.

Huku kazi yangu ni kupiga picha zege likikauka. Sitanii. Kamera imefungiwa kwenye chuma juu ya kilima, inatazama ukuta wa bwawa asubuhi hadi jioni, na mimi kazi yangu ni kuifuta vumbi. Naizunguka siku nzima. Mafundi wananiita mlinzi wa jiwe. Nikisikia injini yoyote bondeni nasimama kutazama, hata ikiwa ni ya mashine ya kuchanganyia kokoto.

Kuhusu kurudi, bado sijui. Wanataka nibaki. Tutaona.

Mpwa wako,
Kupe


17 Februari

Kupe,

Miguu yangu iache kama ilivyo. Imekulea.

Nimekwenda dukani mara tatu wiki hii. Muuzaji wa pale, tunamwita Ofa kwa sababu hata ukimsalimia anakujibu kwa ofa, sasa akiniona anavuta kiti mwenyewe. Lakini sikai. Napanda hii, nashuka, napanda ile, nashuka. Ya kawaida ukiikalia ni sawa na kukaa sebuleni. Nzuri, sikatai, ni ya mtu anayekwenda kazini na kurudi. Ya safari ukiikalia unaona mbali. Mtu wa umri wangu akiona mbali anajisikia vizuri, niachie hilo.

Umesema "ukikosea kidogo". Nimeisoma sentensi hiyo zaidi ya mara moja. Nimekosea lini? Tulianguka mara moja tu, tena tumesimama, tena taratibu.

Umesema pia "tutaona". Mtu akisema tutaona ameshaona. Kama hao watu wa bwawa wanakupa kitu ambacho mimi sina, niambie, nitajua la kuwaambia kampuni. Au umechoka na mgongo wangu?

Basi ili tusibishane kwa barua kama mawakili, nimeomba kuzijaribu zote mbili kwa mzigo kamili. Nitajaza gunia mchanga, nilipime liwe uzito wako na wa kamera, nilifunge kiti cha nyuma. Ofa amecheka mpaka amekaa chini, lakini amekubali. Tutatumia ile barabara ya nyuma ya maghala ya saruji, haina magari na ina kona nzuri. Gunia litatuambia ukweli, maana halina makuu.

Mjomba wako


24 Februari

Mjomba,

Nakuomba usifunge gunia. Zijaribu ukiwa peke yako, polepole, na Ofa akufuate. Au nisubiri mimi. Au chukua ya kawaida tu bila kujaribu kitu, sote tulale.

Najua utauliza kwa nini. Nitakueleza. Lori linaondoka sasa hivi na dereva anapiga honi.

Kupe


25 Februari

Kupe,

Nadhani barua zetu zitapishana njiani, lakini hili haliwezi kusubiri. Hizi pikipiki ni mbovu. Zote mbili.

Jumatatu nilianza na ya safari. Gunia liko nyuma, limekaa vizuri kukushinda wewe. Kwenye lami iliyonyooka ni raha tupu. Kona ya kulia, safi. Kona ya kushoto, ikagoma. Ikaenda moja kwa moja, nikatoka barabarani, nikaingia majanini mpaka karibu na ukuta wa ghala. Sikuanguka. Nikajisemea, Kupe alisema kweli, hii ni kubwa mno, ikishaamua inakwenda na wewe. Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba umeshinda.

Jumatano nikachukua ya kawaida. Gunia lilelile, barabara ileile. Kulia safi. Kushoto, majanini. Mara hii ukuta niliugusa kwa kioo.

Ofa akasema ngoja. Akapanda yeye, gunia likiwa palepale, akaenda akarudi, akaenda akarudi na ya pili. Zikakata kona zote. Nikamwambia wewe unaendesha kama unapeleka mayai, ndiyo maana. Akaenda kulifungua gunia, bila ofa yoyote.

Wewe unajua mambo ya mashine. Inawezekana kiwanda kizima kikakosea upande mmoja? Nataka kuwaandikia. Sijalala vizuri tangu Jumatano. Usiku niko kitini naiona ile kona inakuja, na nakuapia, siku ile haikuwepo, halafu ikawepo.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba,

Pikipiki zote mbili ni nzima.

Gunia halina magoti, Mjomba. Hiyo ndiyo tofauti. Msimu wa juzi, kwenye kona moja ya kushoto, niliona umechelewa kugeuza. Nikasema umechoka. Wiki iliyofuata ukachelewa tena, tena kushoto. Nikaanza kukuangalia. Mtu alikunyooshea chupa ya maji kutoka kushoto, mkono uko karibu na bega lako, na wewe unaendelea kutazama mbele. Si kiburi, mimi nakujua ukiwa na kiburi. Hukuuona.

Basi nikawa nikiiona kona ya kushoto inakuja nakubana kwa goti na naegemea kabla yako. Nawe unageuza. Sidhani uliwahi kujua. Mwili wako ulilizoea goti langu kama unavyoizoea klachi. Msimu wote uliopita tuliendesha wawili.

Ningeendelea hivyo. Lakini siku ya mwisho, kwenye ule mteremko mrefu, yule mwendesha baiskeli wa jezi ya kijani alitupita kushoto, mimi natazama nyuma na kamera, sikumwona mapema. Ukamsogelea. Alipiga tangi letu kofi. Wewe ulicheka, ukaniambia jioni kwamba vijana siku hizi wanakusalimia hata kwenye mwendo. Mjomba, alikuwa anajiokoa.

Sikuja huku kwa ajili ya bwawa. Nilikuja kwa sababu nilishindwa kukuambia, na nilishindwa kupanda tena nikijua. Nilikutakia ya kawaida ili ukianguka uanguke kutoka kimo kifupi. Huo ndio ushauri wangu wote ulivyokuwa, na naona aibu.

Nenda kwa daktari wa macho. Nakuomba.

Kupe


8 Machi

Barua yako nimeipata.

Nilianza kuendesha kabla hujaota meno. Nimewafuata vinara kwenye mvua, kwenye changarawe, kwenye moshi, na hakuna aliyewahi kunibana kwa goti nikamhitaji. Kama uliona hatari miaka miwili ukakaa kimya unapiga picha, basi ama si kweli, ama wewe ni mtu wa ajabu.

Pikipiki nitachagua mwenyewe. Wa kukaa nyuma wapo wengi. Lisalimie zege.

Ndugu wa mama yako


14 Machi

Mjomba,

Ni kweli, mimi ni mtu wa ajabu. Nilidhani nakutunza, kumbe nakuficha wewe usijione. Nitukane utakavyo, nitapokea.

Lakini hili naliandika wazi ili lisikupite. Kampuni wakiniuliza, sitakuchongea. Wewe utawaambia au hutawaambia. Ila mimi sitapanda nyuma yako mpaka macho yapimwe, na mtu mwingine yeyote atakayepanda atakuwa ni gunia. Hatakuwa na habari. Na kushoto kwako kutakuwa na vijana kwenye baiskeli, wamevaa vitambaa tu, wakiamini kwamba mtu wa pikipiki anawaona.

Nakupenda. Sijawahi kukuambia kwa sababu ungenicheka. Naogopa kila lori linalopanda, kwamba dereva atashuka na habari badala ya barua.

Kupe


24 Machi

Kupe,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikasimama, nikaenda mpaka getini, nikarudi. Mama yako ameacha kusema habari za sakafu yake. Hilo peke yake limenitisha.

Barua yako ile ya goti niliichana. Iliyofuata sikuichana, lakini nilitoka nayo kwenda kukuumbua. Nilijua yule wa jezi ya kijani anafanya mazoezi wapi. Nikamkuta anajaza upepo. Nikamuuliza mbele ya wenzake, siku ile ulipopiga tangi langu ulikuwa unanisalimia au vipi? Nilitaka aseme kwa sauti. Akainamia pampu yake. Mwenzake ndiye aliyejibu, kwa adabu sana. Akasema, "Mzee wangu, sisi huwa tunaambiana tu, ukimfikia yule wa kamera pita kulia kwake."

Walikuwa wanaambiana. Kundi zima, Kupe. Watu wote wale walikuwa wanakata mashauri kwa ajili yangu, na mimi mbele yao nimenyoosha mgongo kama gavana.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa daktari wa macho. Kuna mashine, unaweka kidevu kwenye kibao, jicho moja linazibwa, unatazama nukta katikati. Vitaa vidogo vinawaka huku na huku. Ukikiona kitaa unabonyeza. Nikabonyeza, nikabonyeza, kisha nikasubiri sana. Nikamwambia mhudumu, dada, mashine yako upande huu imekufa. Akaniambia niendelee tu, baba. Ilikuwa inawaka muda wote.

Ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana inakula mtu taratibu bila kubisha hodi. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha. Nilimuuliza daktari kuhusu pikipiki. Akaniuliza, kubwa au ndogo? Nikamwambia bado sijachagua. Akasema, basi usichague.

Kampuni nimewaambia mwenyewe. Nimerudisha funguo za ile marehemu. Njiani nililia, nalisema ili usije ukasikia kwa mama yako akaliongezea chumvi. Miguu haijui la kufanya. Ikisikia pikipiki nje inatafuta gia.

Yale niliyokuandikia tarehe nane, yafute. Hukustahili hata neno moja.

Mjomba wako


31 Machi

Kupe,

Sijangoja jibu lako, lori lako polepole mno.

Kampuni wamesema pikipiki bado wananunua, na aliyeachiwa kuchagua ni mimi, macho au si macho. Wakaniongezea kazi: nichague na wa kuiendesha. Wamekuja watu wengi, wengine wanaendesha kama wanakimbia deni. Niliyempenda ni dada mmoja anayepeleka chupa za damu hospitali kwa pikipiki. Miguu yake inaanzia kifuani, nimeshampa jina la Twiga, hajakataa. Breki anaikanyaga kwa upole, amezoea, kwa sababu damu haitaki kutikiswa. Ofa naye amemkubali kwa ofa mbili.

Sasa sikiliza nilivyompima. Nilisema nisiamini maneno, nipande. Nikapanda nyuma. Umri wote huu, Kupe, sijawahi kukaa kiti cha nyuma cha pikipiki. Siku zote nilikuwa mimi wa mbele.

Tulianza na ya kawaida. Nilikaa, nikatazama mbele, nikaona koti. Hakuna kingine. Koti na helmeti. Barabara inakuja hujui inakuja na nini. Unasikia injini inabadilika sauti, unajiuliza ni mlima au ni gari. Unamtegemea mtu ambaye humwoni uso. Twiga anaendesha vizuri kuliko mimi nilivyokuwa kijana, na bado nilitokwa jasho mpaka soksi. Nikawaza, mpwa wangu amekaa hapa miaka sita, na miaka miwili ya mwisho alijua kwamba koti hilo halioni.

Kisha tukachukua ya safari. Kule kiti cha nyuma kimeinuka kupita cha mbele. Unaona juu ya bega la dereva. Unaona kona kabla haijafika, unaona mbwa, unaona mtu na ndoo. Nilipumua. Nilikuwa nimesifu tangi na springi na vyuma vya ubavuni, na hakuna siku hata moja niliyojiuliza wewe kule nyuma unaona nini. Nilikuwa nakuita mzigo.

Basi nimewapa jibu. Ya safari. Miguu ya Twiga inafika chini kwa nyayo nzima, na bado inabaki. Wewe ulisema ya kawaida kwa ajili yangu. Mimi nasema ya safari kwa ajili yako, uje usije. Usipokuja nitaelewa, atakaa mwingine na ataona barabara.

Jambo moja tu linanisumbua, limenikosesha utulivu tangu nishuke. Muda wote ule nilikuwa nimemshika Twiga koti kwa mikono miwili, mpaka mshono umeachia, nimemlipia kwa maneno matamu. Wewe mikono yako ilikuwa kwenye kamera. Kule kwenye miteremko, na kujua ulichokuwa unajua, ulikuwa unashika nini?

Mjomba wako


7 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nilikuwa nakubana kwa magoti, kona ikishapita nafumba macho. Zile picha za mteremko ulizowaonyesha majirani wote, ukasema hakuna jicho kama la mpwa wako, nilizipiga hivyo, sioni kitu. Tulikuwa wawili tusioona, na picha zikatoka nzuri.

Nimewaaga watu wa bwawa. Dereva wa lori ameniwekea nafasi ya Ijumaa mbele, kando yake, lakini nimemwomba nikae dirishani. Mwambie mama. Na wewe usije kunipokea stendi kwa miguu kwenye giza. Kaa nyumbani uweke matone yako, nitakuja mpaka ulipo, nitatokea upande wa kulia.

Kupe